Kifafa na Hofu ya Povu



Mtu akianguka kifafa karibu na moto, jirani zake hukimbia. Si kwa kukosa huruma. Wamefundishwa tangu utoto kwamba anayeguswa na povu la mgonjwa, ugonjwa utamwingia naye. Ndiyo maana wagonjwa wengi wana makovu ya moto. Mimi mwalimu wenu, katika mwaka wangu wa kwanza shuleni, mtoto alipoanguka darasani nilirudi nyuma hatua tatu. Mwenzake mdogo ndiye aliyemshika kichwa. Nilikuwa nimesoma vitabu, lakini miguu yangu ilikuwa ingali inamsikiliza bibi.

Wala fikra hizi si za kwetu peke yetu. Waroma wa kale walitema mate walipomwona mgonjwa wa kifafa, ili ugonjwa usiwapate. Hata mkutano wao mkubwa ulivunjwa mtu akianguka kati yao. Wayunani waliuita ugonjwa mtakatifu, ijapokuwa kitabu kimoja cha waganga wao, yapata miaka 400 kabla ya Kristo, kilisema kwamba asili yake ni ubongo. Ugonjwa ni mmoja. Kila taifa huutazama kwa macho ya wazee wake.

Na kweli asili yake ni ubongo. Hauambukizi kwa mate, wala kwa povu, wala kwa sahani. Mwaka 1960, huko Mahenge, Tanganyika, daktari Louise Jilek-Aall alianza kuwatibu watu wa kifafa ambao jirani zao waliogopa hata kula nao. Aliwapa vidonge vya fenobarbitali, na wengi wakapata nafuu. Dawa hiyo yatumika hata leo. Humezwa kila siku, wala haiachwi ghafla, maana mianguko yaweza kurudi kwa nguvu.

Basi mtu akianguka, ondoeni moto na mawe, mlazeni ubavu, msimtie kitu kinywani, kaeni naye mpaka aamke. Akipitisha dakika 5, mpelekeni hospitali.

Mtaniuliza, kama mlivyoniuliza Jumapili: «Mwalimu, katika Marko sura ya 9, je, si pepo ndiye aliyemtupa mtoto motoni na majini?» Ndivyo Injili isemavyo, nami sitaipunguza. Hata hivyo Kanisa halifundishi kwamba kila aangukaye ana pepo. Someni mpaka mstari wa 27, mtazame Yesu alimfanyia nini mtoto yule aliyelala kama maiti mbele ya watu wote: alimshika mkono.