Kuitafuta Mipindo Miwili Inapokatana

Mwanafunzi anayepewa mipindo miwili na kuagizwa atafute inapokatana aghalabu huanza kwa kuichora, na mimi, niliyewasomesha vijana hisabati kwa muda mrefu, sina ugomvi na rula wala karatasi ya miraba. Walakini mchoro, ujapokuwa mzuri kiasi gani, hutoa fununu tu, na atakaye yakini sharti aende kuitafuta katika aljebra. Shauri langu ni moja, na mengine yote ni matawi yake: usiishughulikie mipindo miwili, ishughulikie tofauti yao.

Twaa, mathalani, mpindo wa y = x³ − 2x² − 3x + 5 na mwenziwe wa y = x² + x − 7. Penye makutano, x ni ile ile na y ni ile ile kwa yote miwili. Na maadamu y ni moja, pande zao za kulia nazo hazina budi kuwa sawa, na kwa hiyo y hujitoa yenyewe katika shauri, tukabaki na kisichojulikana kimoja badala ya viwili. Kisha hamisha kila kilicho upande wa kulia kiende kushoto, ukigeuza ishara zake, hata kulia kusisalie ila sifuri:

x³ − 3x² − 4x + 12 = 0

Sifuri hiyo ndiyo silaha yetu, kwani zao la namba kadhaa haliwi sifuri ila mojawapo ya namba hizo iwe sifuri, jambo ambalo halisemeki juu ya 12 wala juu ya namba nyingine yoyote. Kazi iliyobaki, basi, ni kuugawanya mlinganyo huu katika vigawo vyake.

Wanafunzi wengi hapa hubahatisha, ilhali hapana haja ya kubahatisha ovyo. Andika mlinganyo kwa namna hii: x(x² − 3x − 4) = −12. Ikiwa x ni namba kamili, basi kilichomo ndani ya mabano nacho ni namba kamili, na kwa hiyo x haina budi kuigawanya 12 bila ya baki. Wanaostahili kujaribiwa ni 1, 2, 3, 4, 6 na 12 peke yao, chanya na hasi, na wengine wote wa ulimwengu wa namba kamili wamekwisha kuondolewa mlangoni. Tukijaribu 1 twapata 6, haifai. Tukijaribu 2 twapata 8 − 12 − 8 + 12, nayo ni sifuri. Basi x − 2 ni kigawo, na tukigawanya kwacho husalia x² − x − 6, ambayo ni zao la x − 3 na x + 2. Thamani za x ni 2, 3 na −2.

Wengi huitua kalamu hapo, nao hawajafika, kwani makutano ni nukta, na nukta ina y yake. Irudishe kila x katika mpindo ulio mwepesi, yaani ule wa daraja la pili, upate (2, −1), (3, 5) na (−2, −5). Kisha ziingize x hizo hizo katika ule mzito, na zikikubaliana y zote, huhitaji kumwuliza mwalimu kama jawabu ni sahihi.

Kuna dhambi moja ninayoikemea kila mwaka. Mtu hupewa y = x³ na y = 4x, akaandika x³ = 4x, akagawanya pande zote kwa x, akapata x² = 4, akajibu 2 na −2 kwa furaha. Makutano ya (0, 0), yaliyo dhahiri kwa macho, ameyazika kwa mkono wake, maana kugawanya kwa x ni kudai kwamba x si sifuri, naye hakuwa na haki ya kudai hivyo. Leta yote upande mmoja, toa kigawo x nje ya mabano, na hakuna kitakachopotea.

Tofauti hiyo hiyo hueleza pia namna mipindo inavyokutana. Kati ya y = x³ na mstari y = 3x − 2, tofauti ni (x − 1)²(x + 2): kigawo kilichojirudia mara mbili chatujulisha kwamba penye (1, 1) mstari waugusa mpindo bila ya kuuvuka, na penye (−2, −8) waukata hasa.

Omar Khayyam wa Nishapur, aliyezaliwa mwaka 1048, aliipita njia hii kinyumenyume: yeye alikuwa na mlinganyo wa daraja la tatu, akautafutia mipindo miwili. Kwa x³ + 4x = 16, kanuni yake hutupa parabola x² = 2y na duara y² = x(4 − x), lenye kipenyo cha 4; ukiacha sifuri, hukutana penye (2, 2), na 2 ndiyo jawabu. Mlinganyo na makutano, kumbe, ni jambo moja lenye sura mbili.

Si kila tofauti hukubali kugawanyika kwa wepesi, na mwaka 1824 Niels Henrik Abel wa Norway alithibitisha kwamba kwa daraja la tano hapana kanuni ya jumla ya vipeuo. Hapo hubana mtu jawabu katikati. Kwa y = x³ na y = 5 − x, tofauti ni x³ + x − 5, nayo haina jawabu la namba kamili; lakini penye 1.5 ni hasi na penye 1.6 ni chanya, basi imepita sifuri baina yao. Penye 1.51 bado ni hasi, penye 1.52 ni chanya, na ukiendelea kubana utaifikia 1.516, ambayo y yake ni takriban 3.484.