Kuinua na kuweka boti ya motere

Hapa Ibanda ziwa liko karibu. Siku moja tutaitwa kusaidia kuingiza boti ya zamani katika garaji. Tushike haya:

1. Kwanza tutoe maji ndani. Lita 200 za maji ni kilo 200 za kuinua bure.

2. Uzito ulale juu ya mkuku, ule mti wa chini unaoshika boti yote. Mbao nene ziwekwe chini yake. Za ubavuni ni za kuzuia tu isianguke.

3. Kriki ni ya kuinua, si ya kushikilia. Mbele mbao hazijawekwa, mutu yeyote asiingie chini.

4. Esanse itolewe. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, unajikusanya chini. Cheche moja inatosha kuunguza nyumba.

5. Motere ipakwe grisi. Mwaka 1916 Wadachi walipaka mashini za meli Graf von Götzen, kisha wakaizamisha karibu na Kigoma. Ilitolewa majini mwaka 1924, na mwaka 1927 ikatembea tena kwa jina la Liemba, na mashini zilezile.

Ulizo: Boti ikiteleza juu ya kriki, ni nani atakayeizuia kwa mikono?