Kabla Hujalipa Ada: Kijitabu kwa Wanaotaka Kusomea Uzamili wa Ukalimani, Tafsiri na Mawasiliano baina ya Tamaduni

Kwa nini tumekiandika

Malalamiko yamezidi. Wahitimu wa shahada ya kwanza, wengi wao walimu wa lugha na waandishi wa habari, wanafika ofisini kwetu na vyeti vya uzamili vyenye nembo ya dhahabu na sahihi tatu, wakitaka tuwasaidie viaminiwe na waajiri. Vyeti hivyo havitambuliwi popote. Waliovitoa hawapokei tena simu. Fedha zimekwenda, na mara nyingi ni fedha za mkopo wa SACCOS au za kiwanja cha mzazi kilichouzwa.

Tunajua ofisi za umma hazina sifa nzuri mitaani, na vijitabu vyake huishia kufungia karanga. Hiki kisome hata kama hutuamini. Tumekitoa bure, kwa Kiswahili kinachoeleweka, na si kila ofisi inaweza kujisifu hivyo. Isitoshe, jambo tunalokuomba utalifanya mwenyewe bila kupitia kwetu.

Jambo lenyewe ni hili: kabla hujalipa hata shilingi moja, hakikisha kuwa chuo kina ithibati, kisha hakikisha kuwa programu unayotaka kuisoma nayo ina ithibati. Ni maswali mawili. Usiulize moja ukaliacha la pili.

Kazi ipo, ndiyo maana walaghai wapo

Agosti 2019, wakuu wa nchi za SADC walipokutana Dar es Salaam, walikipitisha Kiswahili kuwa lugha rasmi ya nne ya jumuiya hiyo. Mwaka 2021 Tanzania ilirekebisha sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama, na Novemba mwaka huohuo UNESCO ikaitenga tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Februari 2022 Umoja wa Afrika ukakifanya lugha yake ya kazi. Kila uamuzi wa namna hii unahitaji watu wa kuutekeleza: wa kukaa kwenye vibanda vya ukalimani, wa kufasiri nyaraka, wa kusimama kati ya watu wasioelewana. Ongeza Ofisi ya Umoja wa Mataifa Nairobi, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu pale Arusha, na kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu mkoani Kigoma, utaona kwamba soko si la kufikirika.

Mlaghai naye amesoma habari hizohizo. Tangazo lake huanza na Umoja wa Afrika na kuishia kwenye namba ya simu ya kutumiwa pesa.

Mafunzo ya kweli yanafananaje

Tunalieleza hili kwa urefu kwa sababu anayeijua kazi hadanganyiki kirahisi.

Kwanza, kujua lugha mbili hakukufanyi kuwa mkalimani. Vyuo vinavyofundisha ukalimani wa mikutano huwapima waombaji kabla ya kuwapokea. Unasomewa hotuba ya dakika chache, huandiki kitu, halafu unaitoa yote kwa lugha nyingine mbele ya watu wanaokutazama usoni. Wengi huanguka hapo, wakiwemo wenye shahada za kwanza za daraja la juu. Chuo kinachokudahili kwa ukalimani bila kusikia sauti yako, kitilie shaka.

Pili, lugha zako zitapangwa kwa herufi. A ni lugha yako ya asili, au unayoimudu kama ya asili. B si ya asili, lakini unaimudu kiasi cha kukalimani kuelekea kwayo. C unaielewa kikamilifu, ila unakalimani kutoka kwayo tu, si kuelekea kwayo. Chama cha kimataifa cha wakalimani wa mikutano, AIIC, kilichoanzishwa mwaka 1953, ndicho kilichoueneza mpango huu. Mwulize wakala wa chuo lugha yako ya B itapimwaje. Akikujibu kwamba B ni daraja la ufaulu, kata simu.

Tatu, kuna vibanda. Ukalimani wa papo kwa papo ulianza kuonekana kwa ulimwengu mzima kwenye mashtaka ya Nuremberg mwaka 1945, katika lugha nne, na siku hizi kwa kawaida hufanyika ndani ya kibanda kisichopitisha sauti. Wakalimani hukaa angalau wawili na kupokezana kila baada ya nusu saa hivi, maana akili huchoka upesi kwa kusikiliza na kusema wakati mmoja. Vibanda vina viwango vya kimataifa: ISO 2603 kwa vya kudumu, ISO 4043 kwa vya kuhamishika. Chuo kisicho na kibanda hakina pa kukufundishia kazi ya kibandani. Wapo wanaotangaza uzamili wa ukalimani wa wiki nane kupitia kundi la WhatsApp. Tunawasikia, na tunashangaa kwamba wateja wanapatikana.

Nne, kuna maadili, na hapa ndipo mawasiliano baina ya tamaduni yanapokuwa taaluma. Mjukuu anayemkalimania bibi yake mbele ya daktari mgeni hupunguza makali ya habari mbaya, kwa heshima na mapenzi. Bibi anaporudi nyumbani hajui kwamba dawa akizikatisha ugonjwa utarudi. Mzee wa kijiji akihojiwa na mhandisi wa kigeni kuhusu fidia ya ardhi hujibu kwa mzunguko, akianza na historia ya ukoo. Mkalimani asiyefunzwa hufupisha kwa kusema “amekubali”, kumbe mzee alikuwa bado anaeleza kwa nini hakubali. Mafunzo humfundisha mtu asiongeze wala asipunguze, atambue ukimya unasema nini, aombe ruhusa ya kufafanua pale mila inapowapoteza wasemaji, na asitoe nje ya chumba aliyoyasikia ndani.

Mafunzo ya namna hii Afrika yapo. Chuo Kikuu cha Nairobi kina kituo cha tafsiri na ukalimani, na kimo katika PAMCIT, muungano wa vyuo vya Afrika vinavyotoa uzamili wa fani hizi. Chuo Kikuu cha Buea nchini Kameruni na Gaston Berger nchini Senegali navyo vimo. Tunavitaja ili ujue mfano unavyofanana. Hata huko, maswali mawili ni yaleyale.

Chuo kimoja, maswali mawili

Hapa ndipo watu wetu wanapoanguka. Mwombaji anaingia kwenye tovuti ya mamlaka, anakiona chuo kwenye orodha, anafurahi, analipa. Hakuangalia kama programu yenyewe imeidhinishwa. Kampuni ya mabasi inaweza kuwa na leseni, na basi hili ulilopanda likawa halina.

Tanzania, mamlaka ni Tume ya Vyuo Vikuu, TCU. Kenya ni CUE, Uganda ni NCHE, Rwanda ni HEC. Tafuta chuo, kisha tafuta jina kamili la programu, neno kwa neno. “Uzamili wa Isimu” si “Uzamili wa Ukalimani”. Huioni? Waandikie uulize, na usubiri jibu la maandishi. Jibu la mdomo la afisa udahili wa chuo halitoshi, hata kama ana upole wa kupindukia.

Chuo cha nje ya nchi kina hatua zaidi. Kwanza hakikisha kinatambuliwa kwao. Halafu ulizia utambuzi wa shahada hiyo kwenye mamlaka ya hapa kwako kabla ya kuanza masomo. Tazama pia WHED, orodha ya vyuo vya dunia inayotunzwa na Jumuiya ya Kimataifa ya Vyuo Vikuu kwa ushirikiano na UNESCO. Umoja wa Mataifa huitumia orodha hiyo kupima vyeti vya wanaoomba kazi kwake, kwa hiyo anayeota ajira ya Ofisi ya Umoja wa Mataifa Nairobi akiwa na shahada ya chuo kisichomo humo anajisumbua. Usidhani jina la Kiingereza ni kinga. Mei 2015 gazeti la New York Times lilifichua kwamba kampuni ya Axact ya Karachi iliendesha mamia ya tovuti za vyuo hewa, vingi vikiwa na majina ya kuvutia ya Kimarekani, na kuuza vyeti duniani kote.

Na usidhani hukaguliwi. Aprili 2017 uhakiki wa vyeti vya watumishi wa umma Tanzania uliwakuta 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Waliondolewa kazini, na baadhi yao walikuwa wamefanya kazi kwa miaka mingi.

Masharti ya kujiunga

Kwa jumla ni shahada ya kwanza yenye ufaulu unaokubalika, ushahidi wa lugha zako na mtihani wa kujiunga. Muda wake kwa kawaida ni hadi miaka miwili. Mengine yanatofautiana kwa chuo. Yasome kwenye mwongozo wao.

Wakala akikupigia

Mazungumzo huwa hivi:

“Dada, hongera, umechaguliwa. Nafasi zimebaki mbili tu. Tuma nusu ya ada leo.”

“Asante kaka. Naomba namba ya ithibati ya programu, si ya chuo.”

“Hiyo utaipata ukishasajiliwa, dada yangu.”

“Basi nitalipa nikishaipata.”

Usizidishe maneno. Usione haya kwamba amekuita dada, au kwamba mjomba wako ndiye aliyempa namba yako. Vyuo vya umma Tanzania hulipwa kwa kumbukumbu namba kutoka mfumo wa malipo wa serikali. Havilipwi kwa simu ya mtu binafsi. Anayetaka umtumie kwenye simu yake, awe anaitwa Profesa au Katibu, hakuombei ada ya chuo cha umma.

Tunarudia, na tutazidi kurudia: ulizia chuo, kisha ulizia programu.

Kama umeshalipa

Tunza risiti, ujumbe wa simu na tangazo lenyewe. Toa taarifa polisi, kisha uiarifu mamlaka ya vyuo ya nchi yako. Usiendelee kulipa awamu inayofuata kwa matumaini ya kuokoa ile ya kwanza. Usikitumie cheti hicho kuombea kazi, maana siku ya uhakiki anayeulizwa ni aliyekiwasilisha. Ofisi yetu itakusikiliza na kukuelekeza, lakini haina mamlaka wala fungu la kukurudishia fedha zako.