SOMO LA MWEZI: "UMENENEPA!" "UMEKONDA!"

Masomo: 1 Samweli 16:1-13, Luka 19:1-10

Mtu akirudi Musoma kutoka safari, kabla hajaulizwa habari za alikotoka huelezwa habari za mwili wake. "Mama, umenenepa!" Au, "Mbona umekonda hivyo?" Wasemao hawana nia mbaya. Lakini ndani ya salamu hiyo mna hukumu, na hukumu hiyo imebadilika mara nyingi.

Zamani unene ulikuwa sifa. Mke aliyenenepa alimletea mumewe heshima. Akikonda, mume alisengenywa kuwa hatunzi nyumba. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, katika vikatuni mwenye kitambi akawa mnyonyaji, kupe anayeishi kwa jasho la mkulima. Kitambi ni kile kile.

Halafu ukaja Ukimwi. Wagonjwa wa kwanza nchini walitambuliwa mwaka 1983 mkoani Kagera, ng'ambo ya ziwa letu. Kwa kuwa ugonjwa ule ulikondesha sana, majirani zetu wa Uganda waliuita Silimu, kutokana na neno la Kiingereza la wembamba. Tangu hapo mtu mwembamba hakuwa na amani. Aliyekonda kwa vidonda vya tumbo, aliyekonda kwa msiba, na aliyezaliwa hivyo, wote walitiwa kapu moja. Wako walioogopa hata kuonekana kwenye foleni ya hospitali, wakachelewa kutibiwa. Hapo maneno ya barazani yaligusa uhai wa watu. Tangu mwaka 2004 dawa za kufubaza virusi hutolewa bure nchini, na anayezitumia vema huweza kuwa na mwili kama wa mtu mwingine yeyote. Hata hivyo minong'ono haijaisha.

Kwa vijana wetu wa sekondari, Bunda na Musoma, upepo umegeuka tena. Msichana mnene huitwa bonge au pipa, mwembamba huitwa njiti, na picha zao huzungushwa kwenye simu. Mwingine huanza kukwepa chakula, mwingine hukwepa shule.

Tutajibiwa kwamba huo ni utani tu. Utani tunaujua sana hapa Mara! Una pande mbili, na mtani hujibu. Mtoto anayeitwa pipa na shangazi yake mbele ya wageni hana ruhusa ya kujibu. Basi huo si utani.

Ni kweli kwamba unene uliozidi huongeza hatari ya kisukari na shinikizo la damu. Hayo ni ya kupimwa na mganga, faraghani, kwa mizani na vipimo. Tena magonjwa hayo humpata na mwembamba. Kejeli haijampunguzia mtu kilo hata moja.

Samweli alipomwona Eliabu, kimo chake kilimtosha kuwa ushahidi, naye alikuwa nabii. Tusiende mbali: Mwalimu Nyerere wa Butiama alikuwa mtu mdogo wa umbo, na meno yake ya mbele yalichongwa kwa desturi ya Wazanaki. Kwao huo ulikuwa urembo. Huko Edinburgh, alikokwenda kusoma mwaka 1949, hapakuwa na desturi hiyo. Nani angelikisia habari za Mwalimu kwa kumtazama tu?

Kuhusu Zakayo, Luka anataja ufupi wake kwa sababu moja tu, kueleza kwa nini alipanda mkuyu. Umati ulimwita mwenye dhambi. Yesu alimwita kwa jina lake.

Kwa kikao cha akina mama na cha vijana: taja majina yote ya maumbo ya watu yanayotumika mtaani kwenu. Kwa kila jina, ulizaneni nani huitwa hivyo, nani alilianzisha, na kama mwenyewe hulitumia anapojitambulisha kwa mgeni.