SOMO: Kuchunguza njia ya hewa kabla ya upasuaji wa rovu



Katika somo hili tunajifunza kumchunguza mgonjwa wa rovu (goita) kabla hajapewa rufaa ya upasuaji. Rovu si ugonjwa mgeni kwetu. Wakimbizi wengi wa Kongo walioko Kigoma wametoka Kivu ya Kusini, na kisiwa cha Idjwi katika Ziwa Kivu kinajulikana tangu miaka ya 1960 kwa rovu linalotokana na upungufu wa madini joto.

Kwa nini tuchunguze?

Mgonjwa akishalazwa usingizi kwa dawa, misuli hulegea na pumzi hukoma. Mtaalamu wa usingizi huingiza kifaa chenye taa kinywani, hutazama mlango wa zoloto, kisha hupitisha mpira wa kupumulia. Asipouona mlango huo, na hewa isipoingia kwa njia nyingine, ubongo hudhurika kwa dakika chache tu. Akijua mapema, anaweza kumwacha mgonjwa macho, akamtia ganzi kooni na kupitisha mpira huku mgonjwa anapumua mwenyewe.

Chunguza haya:

1. Kinywa. Mgonjwa aketi wima, apanue kinywa na kutoa ulimi bila kutoa sauti. Hiki ni kipimo cha Mallampati cha mwaka 1985. Kimio kikionekana chote, ni dalili njema. Likionekana shina lake tu, au kisipoonekana kabisa, tarajia ugumu.

2. Meno. Je, vidole vyake vitatu vinapita kati ya meno ya juu na ya chini? Yapo yaliyolegea au ya bandia?

3. Shingo. Je, anaweza kutazama juu? Kovu la moto huzuia. Kichwa kikiwa kimeinuliwa nyuma, pima kutoka kidevuni hadi kwenye kikoromeo. Chini ya sentimita 6 ni dalili ya ugumu.

4. Rovu. Mwombe kwa heshima aondoe mtandio. Je, bomba la hewa limesukumwa upande? Sauti imebadilika? Anapumua kwa mlio? Anaweza kulala chali?

5. Historia. Je, amewahi kupata shida alipopewa dawa ya usingizi?

Angalizo

Hakuna kipimo kimoja kinachotosha. Wengine huonekana hawana tatizo, kumbe ugumu hujitokeza mezani. Kwa hiyo andika majibu yote kwenye fomu ya rufaa, hata yale mazuri.

Anayepumua kwa mlio akiwa ametulia, au asiyeweza kulala chali, usimlaze kwa nguvu. Mketishe, mpe oksijeni kama ipo, mwite daktari mara moja. Hata katika gari la wagonjwa asafiri ameketi.

Jipime

Mama mwenye rovu anapanua kinywa vizuri na kimio chote kinaonekana. Lakini usiku hulala ameegemea ukuta, maana akilala chali hukosa hewa. Je, utaandika "hana shida"?

Jibu: Hapana. Kinywa ni kizuri, lakini huenda rovu linabana bomba la hewa. Mjulishe daktari leo, na andika kwa herufi kubwa: HAWEZI KULALA CHALI.