Dondoo muhimu: Pikipiki hudhibitiwa kwanza katika mwendo wa pole

Anayejifunza pikipiki huogopa mwendo kasi, lakini mwendo wa pole ndio unaomwangusha kwanza: kwenye kona ya uchochoro, kwenye foleni, anapogeuza akiwa na abiria. Sababu ni kwamba pikipiki ikienda kasi hujinyoosha yenyewe. Ikipungua hadi mwendo wa mtu anayetembea, kazi hiyo humwangukia dereva. Basi usiibane klachi yote wala kuiachia yote. Ishike pale injini inapoanza kuvuta, weka mafuta kidogo yasiyopanda na kushuka, kisha punguza mwendo kwa kukanyaga breki ya nyuma taratibu. Injini ikivuta huku breki ikizuia, pikipiki hutulia. Breki ya mbele iache: ukiibana ghafla wakati usukani umekatwa, unaweza kuanguka papo hapo.

Wapo watakaosema klachi itaungua. Pikipiki nyingi za bodaboda zina klachi inayozama kwenye oili, nayo huvumilia mazoezi mafupi. Injini ikipata joto sana, pumzika. Wengine huburuza miguu chini wakidhani ndio usalama, kumbe mguu wa kulia ukiwa chini hauwezi kukanyaga breki. Macho nayo yatangulie: tazama unakotaka kutokea, si tairi la mbele. Tafuta uwanja mtupu, vaa helmeti, chora nane pana kisha uipunguze kidogo kidogo, na usipakie abiria mpaka uweze kugeuza kushoto na kulia bila kutua mguu.