Usiache Dawa Kimyakimya
Kijitabu cha elimu kwa wenye presha na kisukari, na kwa familia zao

Kwa nini kijitabu hiki

Mgonjwa akifika kliniki presha ikiwa juu, huulizwa, "Dawa unakunywa?" Naye hujibu, "Nakunywa." Jibu hilo huficha mengi. Pengine anakunywa, ila si kila siku. Pengine ameanza juzi tu, ili siku ya kliniki asigombezwe. Pengine zilimwishia mwezi uliopita na hela ya kununua nyingine haikupatikana.

Tatizo hili liko dunia nzima. Mwaka 2003 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilieleza kuwa hata katika nchi tajiri, ni wastani wa nusu tu ya wenye magonjwa sugu wanaofuata matibabu kama walivyoelekezwa, na kwamba katika nchi zinazoendelea ni wachache zaidi.

Wengi wanaoacha dawa hawaachi kwa ukaidi. Wana sababu, na baadhi ya sababu hizo ni za msingi kabisa. Hatari kubwa ni kuacha bila kusema. Daktari asiyejua kwamba hukunywa dawa ataona presha iko juu, ataamini kuwa dawa haitoshi, na atakuongezea nyingine. Siku utakapozinywa zote, presha inaweza kushuka kupita kiasi, ukashikwa na kizunguzungu na kuanguka.

"Mbona sijisikii mgonjwa?"

Wengi wetu maana ya dawa tuliijua kwa malaria: homa inapanda, unapewa dawa ya mseto, unameza siku 3, unainuka, dozi imekwisha. Presha na kisukari haviendi hivyo. Presha ya 140/90 au zaidi inaweza kukaa mwilini miaka mingi bila kuuma popote, huku ikichakaza mishipa ya damu, moyo, figo na macho. Wapo wanaojua kuwa wana presha siku wanapopata kiharusi.

Kwa hiyo kujisikia vizuri si kipimo. Mashine ikisoma 125/80 wakati unatumia dawa, maana yake dawa inafanya kazi. Ukiiacha, presha itarudi juu, na huenda mwili usikwambie lolote.

Dawa nyingine ni hatari kuziacha ghafla. Ukikatisha atenolol au propranolol kwa mara moja, moyo unaweza kwenda mbio, na mwenye ugonjwa wa moyo anaweza kupata shambulio. Mwenye kisukari cha aina ya kwanza akiacha insulini, maisha yake huwa hatarini ndani ya muda mfupi.

Yanayosemwa mitaani

*"Ukizianza, huziachi."* Dawa za presha hazileti uteja. Zinatumiwa muda mrefu kwa sababu ugonjwa wenyewe ni wa muda mrefu. Wapo ambao wakipunguza uzito, chumvi na pombe, na wakifanya mazoezi, daktari huwapunguzia dozi, na wachache huachishwa kabisa. WHO inashauri mtu mzima atumie chumvi chini ya gramu 5 kwa siku, yaani isifike kijiko cha chai kilichosawazishwa, pamoja na iliyomo tayari ndani ya vyakula. Lakini uamuzi wa kupunguza dawa hufanywa kwa vipimo.

*"Dawa zinaharibu figo."* Presha na sukari zisizodhibitiwa ni miongoni mwa sababu kubwa za figo kushindwa kufanya kazi. Baadhi ya dawa za presha, kama enalapril na losartan, hutolewa pia ili kuzilinda figo, na daktari hufuatilia kwa vipimo vya damu. Chunga zaidi dawa za maumivu za dukani, kama diclofenac na ibuprofen. Zikitumiwa mara kwa mara zinaweza kuumiza figo na kupandisha presha.

*"Insulini ni ya mtu wa kufa."* Insulini ilianza kutumika kwa wagonjwa mwaka 1922 huko Toronto, Kanada. Kabla ya hapo mtoto mwenye kisukari cha aina ya kwanza alikuwa hana tumaini la kuishi. Mwenye aina ya pili akiandikiwa insulini, mara nyingi ni kwa sababu kongosho limechoka na vidonge pekee havitoshi tena.

Kiu ya kusikia "umepona"

Mwaka 2011 maelfu ya watu walimiminika kijiji cha Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila kwa shilingi 500. Miongoni mwao walikuwemo wenye kisukari na wenye virusi vya UKIMWI (VVU), na baadhi waliacha dawa zao wakiamini wamepona.

Ni rahisi kuwacheka. Lakini watu hao walifuata kitu ambacho vidonge vya kila siku haviwapi: mtu wa kuwaambia kwamba yamekwisha. Kunywa dawa kila asubuhi ni kukumbushwa kila asubuhi kuwa unaumwa. Anayechoka na hilo anahitaji kusikilizwa.

Ukitaka kuombewa, ombewa, na dawa endelea nazo. Ukitumia mitishamba, mwambie daktari ni ipi, kwa sababu mingine hugongana na dawa za hospitali.

Dawa ikikusumbua

Majina yafuatayo yameandikwa kama yanavyoonekana kwenye pakiti.

- Captopril, enalapril, lisinopril: huweza kuleta kikohozi kikavu kisichoisha. Daktari anaweza kukubadilishia. Dawa hizi hazifai kwa mjamzito. Ukishika mimba, wahi kliniki ubadilishiwe.
- Amlodipine, nifedipine: miguu huweza kuvimba kwenye vifundo, au kichwa kuuma.
- Hydrochlorothiazide, bendroflumethiazide: hukojoza. Kunywa asubuhi, usiku ulale. Kama una safari ndefu ya basi, muulize mtoa huduma siku hiyo uinywe saa ngapi.
- Metformin: huweza kuvuruga tumbo au kuharisha, hasa mwanzoni. Inywe pamoja na chakula.
- Glibenclamide na insulini: sukari huweza kushuka mno. Ukitokwa na jasho, ukitetemeka na kusikia njaa kali, kunywa soda yenye sukari au maji ya sukari papo hapo.

Wanaume wengi huacha dawa kwa kuhofia nguvu za kiume, na hawasemi. Baadhi ya dawa za presha huchangia tatizo hilo, lakini presha na kisukari vyenyewe ni chanzo kikubwa zaidi. Sema. Kuna dawa mbadala.

Hela, umbali na foleni

Mwenye kipato cha siku kwa siku huchagua kati ya vidonge na unga. Wengine hukata kidonge nusu kwa nusu, au hunywa siku moja na kuruka nyingine. Kabla ya kufika huko, uliza:

- Kuna dawa ya bei nafuu inayofanya kazi ileile? Dawa yenye jina la kampuni maarufu na ile yenye jina la kawaida huweza kuwa na kiambato kimoja.
- Naweza kupunguziwa idadi ya vidonge kwa siku?
- Naweza kupewa dawa za miezi kadhaa kwa pamoja?

Rangi ya vidonge ikibadilika, usiitupe pakiti wala usichanganye ya zamani na mpya. Huenda ni kiwanda tofauti, dawa ileile. Muulize mfamasia.

Kama huna friji, insulini unayotumia hukaa salama kwa wiki nne hivi mahali pasipozidi nyuzi joto 30. Kwenye joto kali, ifunge ndani ya mfuko usiopitisha maji na uiweke kwenye chungu cha udongo chenye maji, kivulini.

Somo kutoka kliniki za VVU

Kuna Watanzania wengi wanaokunywa dawa za VVU kila siku kwa miaka na miaka. Si kwamba wana nidhamu kuliko wenye presha. Dawa zao ni bure, wanapata ushauri kabla na baada ya kuanza, aliyetulia hupewa za miezi 3 hadi 6, na asipotokea hutafutwa. Palipo na utaratibu kama huo, watu hunywa dawa.

Kwa watoa huduma

Swali la "unakunywa?" humfungia mgonjwa kwenye jibu moja. Jaribu hili: "Watu wengi hukosa dawa siku moja moja. Wewe wiki iliyopita ulikosa siku ngapi, na ilikuwaje?" Akikwambia ukweli, usimkaripie.

Kwa familia

Kumuuliza mzee mbele ya wajukuu kama amekunywa dawa humfanya aitikie tu ili yaishe. "Baba, maji ya dawa haya hapa" humtosha. Mpelekeni kliniki kwa zamu. Dawa ziunganishwe na jambo la kila siku, kama chai ya asubuhi au swala. Anayetaka kufunga Ramadhani aende kliniki mapema, ili dawa zipangiwe saa za futari na daku, na aambiwe kama kufunga kwake ni salama.

Ukikosa dozi

Kunywa dawa ya presha mara unapokumbuka. Kama muda wa dozi inayofuata umekaribia, iache na uendelee na hiyo inayofuata. Usinywe mbili kwa pamoja. Kwa insulini, fuata maelekezo ya kliniki yako.

Wahi hospitali ukiona

- Uso kupinda upande mmoja, mkono au mguu kukosa nguvu, au ulimi kuwa mzito ghafla.
- Maumivu makali ya kifua au kushindwa kupumua.
- Midomo, ulimi au uso kuvimba baada ya kunywa dawa.
- Kuchanganyikiwa au kupoteza fahamu.
- Mwenye kisukari anatapika, ana kiu kali na anahema kwa nguvu.

Nenda na pakiti zote za dawa zilizopo nyumbani, pamoja na zile ulizoacha.